Dokta, hizi RNA ndizo zinazoniletea soriasisi?

Swali: "Shikamoo dokta. Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Tabata. Nina soriasisi tangu nikiwa kidato cha tatu. Ilianza viwikoni na magotini, ikaenda kichwani, sasa iko mgongoni. Binti yangu wa miaka minne naye ana pumu ya ngozi. Hivi karibuni nimesoma kwamba wanasayansi wamegundua magonjwa haya yanatokana na RNA zisizotengeneza protini. Wiki hiyohiyo nimekutana na mtu Kariakoo anayesema ana kipimo cha damu cha RNA hizo kwa shilingi laki tatu na nusu, pamoja na krimu ya kuzirekebisha. Nikipime? Na je, mtoto ameipata kwangu?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na hela yako: usiitoe. Hakuna mwongozo wa tiba unaomtaka daktari apime RNA zisizotengeneza protini ili atambue soriasisi au pumu ya ngozi, na hakuna krimu ya RNA iliyoidhinishwa kutibu magonjwa hayo. Nimelitanguliza hilo kwa sababu laki tatu na nusu kwa mwalimu mwenye mtoto mdogo si fedha ya kuchezea, na kuna mahali pengine itakufaa zaidi. Nitakutajia huko mbele.

Lakini ulichosoma hakikuwa uzushi. Ni uwanja wa kweli wa sayansi, na kwangu mimi ni miongoni mwa mambo yaliyotufundisha mengi zaidi kuhusu ngozi katika miaka hii ishirini. Aliyekukuta Kariakoo amechukua jambo la kweli akalifungia ndani yake biashara. Ndiyo maana sitaki nikujibu kwa neno moja la "usikubali". Nataka ulijue jambo lenyewe, ili akija mwingine kesho na jina jingine uwe na maswali ya kumuuliza.

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Ukiyakusanya maelekezo hayo yote, hayafiki asilimia 2 ya DNA yetu. Sehemu iliyobaki kwa muda mrefu ilionekana kama makapi. Kumbe sehemu kubwa ya hayo "makapi" hunakiliwa kuwa RNA, na baadhi ya RNA hizo, japo hazizai protini yoyote, ndizo zinazoamua protini nyingine zitengenezwe kwa kiasi gani na wakati gani. Ya kwanza kati ya zile fupi, ziitwazo mikro-RNA, ilielezwa mwaka 1993 na Victor Ambros na Gary Ruvkun wa Marekani, waliokuwa wakichunguza mnyoo wa urefu wa milimita moja. Wengi walidhani ni mambo ya minyoo tu. Mwaka 2000 maabara ya Ruvkun ikaonyesha nyingine ambayo ipo kwa wanyama wengi, binadamu akiwemo, na mlango ukafunguka. Mwaka 2024 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Kazi ya mikro-RNA inaeleweka ukifikiria ofisi ya serikali. Faili halisi, yaani DNA, halitoki masjala. Kinachotoka ni nakala ya barua, ndiyo RNA mjumbe, inayopelekwa kwa watekelezaji ili protini itengenezwe. Mikro-RNA ni kipande kifupi mno, herufi 22 hivi, kinachoikuta ile barua njiani na kujibandika penye maneno yanayolandana nacho. Barua inachanwa, au inawekwa kando bila kutekelezwa. Faili halijaguswa hata kidogo. Ni agizo tu lililopungua nguvu. Na mikro-RNA moja huweza kupunguza nguvu za mamia ya maagizo tofauti. Ziko pia RNA ndefu, zenye herufi zaidi ya 200, na nyingine ambazo ncha zake mbili zimeungana zikawa duara. Hizo kazi zake ni za namna nyingi, na bado zinachambuliwa.

Sasa tuje kwenye ngozi yako.

Kwa mtu asiye na soriasisi, seli inayozaliwa chini kabisa ndani ya tabaka la juu la ngozi huchukua kama mwezi mmoja hadi kufika juu na kupukutika. Kwenye bakabaka la soriasisi safari hiyo huchukua siku chache tu. Seli zinafika juu hazijakomaa, zinarundikana, na ndiyo yale magamba unayoyaona kwenye kola ya shati. Kinachozisukuma ni mchochota: kinga ya mwili inapiga kengele bila adui, ikimwaga kemikali za ujumbe kama TNF, IL-23 na IL-17. Seli za ngozi zikipokea ujumbe huo, nazo hutoa kemikali zao za kuita askari wengine wa kinga. Ni mzunguko unaojilisha wenyewe.

Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Karolinska, Sweden, walitoa orodha ya kwanza ya mikro-RNA zilizopanda na zilizoshuka kwenye ngozi yenye soriasisi. Iliyovutia macho ya wengi ni miR-203 (miR ni kifupi cha mikro-RNA), ambayo kwa kawaida hupatikana kwa wingi kwenye ngozi kuliko viungo vingine. Kwenye soriasisi imepanda, na miongoni mwa maagizo inayoyazuia ni la protini iitwayo SOCS-3. Protini hiyo kazi yake ni kuzituliza seli zikishapokea ujumbe wa mchochota. Ikipungua, ujumbe mdogo unaitikiwa kwa kishindo. Kwa hiyo unaona, mwalimu: miR-203 haikuwasha kitu. Imempunguza mtulizaji.

Baadaye zikafuata nyingine. miR-21 nayo imepanda. Inapunguza protini iitwayo TIMP-3, na TIMP-3 ikipungua, TNF zaidi inakatwa kutoka kwenye kuta za seli na kuachiliwa. Mwaka 2014 watafiti walipandikiza vipande vya ngozi ya wagonjwa wa soriasisi kwa panya, wakaizuia miR-21, na ngozi ile ikapata nafuu. miR-31 nayo imepanda, na inazisaidia seli za ngozi kuendelea kujigawa haraka.

Hapo mtu angesema basi, wahalifu tumeshawakamata, tuwapime na tuwazuie. Hapa ndipo naomba utulie kidogo, kwa sababu ndipo wafanyabiashara wanapotupita kasi.

Ipo mikro-RNA nyingine, miR-146a. Nayo imepanda kwenye ngozi ya soriasisi. Ukiiona kwenye karatasi ya majibu ya maabara, imekaa na wenzake kwenye safu ileile ya "zilizopanda". Lakini kazi yake ni kinyume. Mchochota wenyewe ndio unaoamsha miR-146a, kisha miR-146a inarudi kuuzuia, kwa kupunguza protini mbili, IRAK1 na TRAF6, zinazopeleka kengele ndani ya seli. Mwaka 2017 ilionyeshwa kwamba panya waliokosa miR-146a, wakipakwa dawa inayoleta mchochota unaofanana na soriasisi, waliugua mapema zaidi na kwa ukali zaidi kuliko wenzao. Yaani RNA hiyo imepanda kwako kwa sababu mwili wako unajitahidi kuuzima moto, ila nguvu hazijatosha.

Basi fikiria umepima damu kwa laki tatu na nusu, ukapewa karatasi inayosema RNA fulani zimepanda. Muuzaji atakuambia tuzishushe. Moja ya hizo ni ile inayokutetea. Utaishusha?

Na hata hizo nyingine, karatasi isingekuambia una ugonjwa gani. miR-21 hupanda pia kwenye saratani za aina nyingi na kwenye magonjwa ya moyo. miR-155 huamka mara kinga ya mwili inapoamka, hata kwa maambukizi ya kawaida. Mtu mwenye mafua makali na mtu mwenye soriasisi wanaweza kufanana kwa baadhi ya RNA hizi. Daktari wa ngozi anayekuangalia viwiko, kucha na ngozi ya kichwa kwa mwanga mzuri atakuwa na uhakika zaidi ya kipimo hicho, na penye shaka kuna kukata kipande kidogo cha ngozi na kukipeleka maabara kikaangaliwe kwa darubini. Watafiti wanazipima mikro-RNA kwenye damu, ndiyo, tena wameona baadhi zikishuka mgonjwa akitibiwa kwa dawa ya kuzuia TNF. Huo ni utafiti wa kulinganisha makundi ya watu. Kuuza jibu kwa mtu mmoja ni jambo jingine.

Krimu nayo ina shida tatu. Ya kwanza ni ukubwa. Dawa za kupaka zinazopenya ngozi vizuri kwa kawaida zina uzito wa molekuli usiozidi daltoni 500. RNA fupi yenye nyuzi mbili inafika kama daltoni 13,000, na ina chaji ya umeme inayoifanya isipende mafuta yaliyo kwenye ngozi. Ya pili, ngozi yako inatengeneza kimeng'enya cha kukatakata RNA, kiitwacho RNase 7, ni silaha yake dhidi ya vijidudu, na kwenye soriasisi kimeng'enya hicho huwa kingi zaidi. Kopo la RNA lililokaa kwenye joto la Dar es Salaam, likapakwa juu ya ngozi yenye RNase 7, halina cha kufikisha popote. Ya tatu ni usalama. Mwaka 2016 majaribio ya dawa iliyoiga mikro-RNA iitwayo miR-34a, iliyokuwa ikitolewa kwa wagonjwa wa saratani kwa njia ya mshipa, yalisimamishwa kwa sababu ya madhara makubwa ya kinga ya mwili. Hapo ni mikononi mwa wataalamu, chini ya uangalizi wa kila saa. Kama krimu ya Kariakoo inakupa nafuu ya haraka, mimi nitashuku kitu kimoja tu: ndani yake kuna steroidi kali ambayo haikuandikwa kwenye kopo.

Sisemi dawa hazitakuja. Tayari ziko dawa za RNA fupi kwa magonjwa mengine; ya kwanza ya aina hiyo, patisiran, iliidhinishwa Marekani mwaka 2018 kwa ugonjwa adimu wa kurithi unaoharibu mishipa ya fahamu. Inaingia kwa mshipa na kufanya kazi kwenye ini, kiungo ambacho ni rahisi kufikiwa. Ngozi iko nje, tunaishika kila siku, lakini kwa RNA ni ngome ngumu kuliko ini. Hilo limenishangaza siku zote.

Kuna jambo jingine kuhusu RNA na ngozi ambalo linakuhusu leo, bila kusubiri dawa. Seli ikijeruhiwa au kufa, RNA na DNA zake humwagika. Kwa kawaida hazina madhara. Kwenye soriasisi ngozi ina wingi wa protini fupi iitwayo LL-37, ambayo hushikamana na RNA na DNA zilizomwagika na kuzipitisha hadi ndani ya seli za kinga, nazo huzidhania kuwa ni za virusi, kengele ikalia. Ni sehemu ya maelezo kwa nini bakabaka jipya huota mahali ulipojikwaruza au kujigonga. Kwa hiyo kile unachofanya bafuni, na nina hakika unafanya kwa sababu karibu kila mgonjwa wangu alishawahi kushauriwa, yaani kusugua magamba kwa dodoki au jiwe mpaka yatoke, kinaulisha ugonjwa. Lainisha kwa mafuta ya mgando usiku, oga kwa maji ya uvuguvugu, acha yaondoke yenyewe.

Sasa binti yako. Hukumwambukiza. Soriasisi haiambukizi, pumu ya ngozi haiambukizi, na hayo ni magonjwa mawili tofauti, hata kama yote ni mchochota wa muda mrefu. Kwenye pumu ya ngozi kinachoanza mara nyingi ni ukuta wa ngozi kuwa dhaifu. Baadhi ya watoto wana hitilafu kwenye jeni ya filagrini, protini inayoshikiza ukuta huo. Ngozi inapoteza maji, vitu vya nje vinapenya, na kinga inaitikia kwa njia isiyo ile ya kwako. Hata RNA zake zina sura nyingine: iliyosemwa sana huko ni miR-155, iliyopanda kwenye ngozi hiyo, ambayo hupunguza protini iitwayo CTLA-4 inayowatuliza askari wa kinga. Kinachorithiwa ni mwelekeo tu. Kwenye soriasisi jeni yenye uzito mkubwa kuliko nyingine ni aina moja ya HLA-C, jeni ya kinga ya mwili, na walio wengi wenye jeni hiyo hawaugui maisha yao yote. Usijibebeshe lawama kwa mtoto.

Ila nakuuliza, aliyesema ni pumu ya ngozi ni nani? Kama ni jirani au muuza duka la dawa, mpeleke akaonwe. Watoto wengi hapa mjini wanaletwa na "pumu ya ngozi" ambayo ni upele wa kuambukiza au fangasi. Kama na wewe na mama yake mnawashwa usiku, hasa katikati ya vidole, mseme hilo mapema kwa daktari.

Laki tatu na nusu ifanye hivi. Kwanza nauli na gharama ya kumwona daktari wa ngozi. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, kwa Tabata ni Amana, wakupe rufaa ya kliniki ya ngozi Muhimbili ikihitajika, na ukiwa na bima ulizia mapema inagharamia nini. Pili, mafuta ya mgando ya nyumba nzima, mtoto apakwe mara baada ya kuoga ngozi ingali na unyevu. Hayo ni makopo mengi kuliko unavyodhani, kwa sababu yanatakiwa kupakwa kwa wingi na kila siku.

Kwa daktari, taja viungo. Kama asubuhi vidole, visigino au kiuno vinakakamaa kwa nusu saa au zaidi, mwambie. Soriasisi huingia kwenye maungio kwa hadi wagonjwa 30 kati ya 100, na ikiachwa inayaharibu. Kama ugonjwa umesambaa ghafla katika miezi ya karibuni, ukubali kupima VVU bila kinyongo. Kwa baadhi ya watu kusambaa huko ndiyo dalili ya kwanza. Umesema sasa iko mgongoni, kwa hiyo huenda krimu pekee zisitoshe. Akikuandikia methotrexate, ni dawa ya zamani, ya bei nafuu, na kwa wengi inafanya kazi vizuri. Humezwa mara moja kwa WIKI. Nimeandika kwa herufi kubwa kwa sababu kuna watu wameimeza kila siku kama dawa nyingine, na hilo linaua. Utapimwa damu na ini kabla na wakati wa matibabu, pombe uiache, na isitumike kama mke anatarajia kupata mimba bila kwanza kuzungumza na daktari. Ukifika hatua ya sindano za kisasa zinazozuia TNF, lazima upimwe kifua kikuu kwanza, maana kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka.

Kuna mawili naomba uyakatae hata ukishawishiwa na mtu mwenye koti jeupe. Moja ni sindano au vidonge vya steroidi kwa ajili ya soriasisi, ile "sindano ya mzio" ya zahanati za mtaani. Ngozi itang'aa kwa wiki kadhaa, kisha dawa ikiisha soriasisi inaweza kurudi ikiwa kali zaidi, wakati mwingine na vijipu vya usaha mwili mzima na homa, hali ya kulazwa. La pili ni mkorogo. Kwenye ngozi zetu nyeusi bakabaka halionekani jekundu kama kwenye picha za vitabu vya Ulaya. Ni la zambarau, kijivu au kahawia iliyokolea, na likipona linaacha alama nyeusi au nyeupe. Watu wanaona alama wanadhani ugonjwa bado upo, wanakimbilia krimu za kung'arisha, zenye steroidi kali na haidrokwinoni. Alama hizo hufifia zenyewe kwa miezi, ukiuzuia mchochota usirudi.

Hizo picha za Ulaya zinanirudisha kwenye utafiti wenyewe. Tafiti nyingi za RNA kwenye soriasisi na pumu ya ngozi zimefanywa kwa wagonjwa wa Ulaya, Marekani na Asia Mashariki. Ngozi ya Mtanzania iko kwenye takwimu hizo kwa uchache mno, na mimi naamini hilo linatuhusu sisi kulirekebisha. Wataalamu wa ngozi wanafunzwa hapahapa nchini, kwenye kituo cha mafunzo kilichopo KCMC Moshi tangu mwaka 1992, na Muhimbili wapo wanafunzi wa uzamili wanaotafuta maswali ya utafiti. Kama umeandika kwa sababu unatamani RNA zako zichunguzwe ili siku moja mwanao apate dawa bora, hilo ni jambo jema, na mlango upo. Uliza kliniki kama kuna utafiti unaoandikisha wagonjwa. Utapewa maelezo kwa Kiswahili, utasaini kwa hiari, na unaweza kujitoa siku yoyote bila kupoteza matibabu. Omba uonyeshwe kibali cha maadili. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ndiyo inayotoa cha kitaifa. Na kwenye utafiti halali, mwalimu, damu yako inachukuliwa bila wewe kulipa hata shilingi.